Hasara Ikishaingia Nyumbani

Wengi mijini bado wanaukumbuka mwaka 2009, Serikali iliposimamisha shughuli za DECI, ile kampuni iliyowahimiza wananchi "kupanda mbegu" ya fedha ili waje kuvuna maradufu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Lakini hukumu hairudishi akiba ya mtu.

Shamba halikuwapo. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata. Ikiwa kila mmoja atahitaji wawili nyuma yake, hatua ya 25 itataka watu zaidi ya milioni 33. Wa mwisho hana wa kumlipa, hata kama wenye mchezo wangekuwa malaika.

Tuseme basi kwamba hasara imekwisha kukufika, iwe kwa mchezo wa namna hiyo, au kwa duka kuungua, au kwa kuachishwa kazi. Adui wa kwanza ni siri. Baba huamka alfajiri, huvaa shati la kazini, akaenda kushinda kijiweni ili mama watoto asijue. Siri hiyo ina gharama. Nyumba huendelea kula kwa kipimo cha zamani, na pengo huzibwa kwa mkopo, mara nyingi ule ambao mitaani huitwa "kausha damu". Mwezi mmoja tu waweza kumaliza kile kilichosalia. Mwambie mkeo. Na wewe mama, ikiwa ni wewe uliyepoteza fedha za upatu, mwambie mumeo, hata kama atafoka.

Kisha kaeni pamoja na karatasi. Kodi ya nyumba na chakula vitangulie. Kwa mwenye duka anayekudai, nenda kabla hajakufuata, umpe kidogo ulicho nacho na tarehe utakayoiweza.

Jikoni ndiko kwenye kazi kubwa. Mkaa wa kopo ni ghali kuliko wa gunia, na mnyonge ndiye anunuaye kwa kopo. Majirani watatu wakichangia gunia moja, nafuu huonekana. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva upesi. Wali ukikaribia kukauka, epua sufuria, uifunge kwa blanketi kuukuu ndani ya kapu, nao utajiivia pasipo moto. Dona haijapoteza kiini na pumba kama sembe, basi usiionee haya mbele ya wageni. Dagaa na maharage hujenga mwili, ingawa sioni kwa nini nyama ifutwe kabisa. Watoto wakingojea siku moja ya mwezi, hiyo nayo ni furaha.

Gumu zaidi ni shule. Shule za msingi za Serikali hazitozi ada, na tangu mwaka 2016 sekondari nazo, kidato cha kwanza hadi cha nne. Mtoto anayeondolewa katika shule ya kulipia aambiwe na wazazi wote wawili, mapema kabla ya muhula, wala asiisikie habari hiyo kwa watoto wa jirani. Huenda akauliza kama kosa ni lake. Mjibuni waziwazi kwamba silo. Huenda akalia kwa ajili ya rafiki zake. Mwacheni alie, kisha siku nyingine mmoja wenu amchukue kwa miguu akaione hiyo shule mpya, na kujua njia.