Zephyr, Saluni ya Dagenham Iliyotwaa Safari

Mwaka 1955, yale mashindano ya magari ya Safari, yaliyoasisiwa 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ambayo yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitwaliwa na Vic Preston na D. P. Marwaha wakiendesha Ford Zephyr, saluni ya Kiingereza iliyoundwa Dagenham, kando ya mto Thames. Leo kuiona moja iliyo nzima ni nadra mno.

Ilikuwa na injini ya silinda 6 yenye sentimita za ujazo 2,262, gia 3 ambazo mkono wake umetiwa ubavuni mwa usukani, na waipa zinazoendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini, ambazo dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima hulegea saa ile ile azihitajiyo. Lakini la kuzingatiwa zaidi ni kuwa haikuwa na chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo ibebayo uzito wote.

Kwa sababu hiyo, atakaye kuihuisha hana ruhusa ya kuanzia kwenye rangi. Sharti ang'oe mazulia, alale chini ya gari, apite na nyundo ndogo kwenye bati lililo chini ya milango huku akisikiliza: bati zima hulia kwa sauti kali, ilhali lililoliwa na kutu hujibu kwa sauti nzito, na aghalabu nyundo hupenya. Hapo fundi huitegemeza bodi isijipinde, hukata hata afikie chuma kizima, kisha huchomelea kipande kipya, huku akijaribu milango mara kwa mara, madhali mlango ukishakataa kufunga sawasawa hakuna rangi itakayousitiri. Wako wanaojaza pati juu ya kutu na kupaka rangi ya kung'aa. Kazi hiyo naihesabu kuwa ni hiana, kwani hatari imefichwa pale pale panapobeba roho za abiria.

Sisi wa Longech, kwenye ulimi huu wa mchanga baina ya Ghuba ya Ferguson na maji ya magadi ya Ziwa Turkana, twajua jinsi mahali panavyokula vyombo. Gari lililoachwa Lodwar, ambako mvua ni adimu, huhifadhi bati lake kuliko lililosimama Mombasa katika pepo za chumvi; bali jua letu hupasua mipira ya madirisha, na vumbi laini, likipita kwenye kabureta, husaga silinda kama jiwe la kunolea. Silinda hizo huchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Nati nazo ni za vipimo vya inchi, na mwenye papara ya kuzilazimisha kwa spana za milimita huzila pembe zote, akapoteza kitu kisichouzwa dukani.

Nairobi, tangu 1970, huandaliwa maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, ambako waamuzi huyakagua magari ya kale kwa makini makubwa. Na tangu 2003 yapo mashindano ya Safari Classic, yanayoyarudisha magari ya zamani vumbini. Nayaheshimu yote mawili, ila moyo wangu u pamoja na haya ya pili, kwa kuwa Zephyr ilijipatia jina lake katika tope na mawe ya nchi hizi, ikienda.