Mtoto Wako na Maswali ya Kuchagua

Kila Septemba watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Huku kwetu Shinyanga na Geita, anayeshindwa mara nyingi hungojwa na machimbo akiwa kijana, na mahari akiwa binti. Basi tusiwaachie walimu peke yao.

Tangu mwaka 2012 maswali ya kuchagua husahihishwa kwa kompyuta. Mtoto huweka kivuli kwa penseli ya HB kwenye herufi ya jibu. Kompyuta haina huruma: akiweka vivuli viwili kwa swali moja, alama imepotea. Akibadili jibu, afute kabisa. Akiruka swali, aruke pia namba yake kwenye fomu, la sivyo majibu yanayofuata yote yatahama.

Tumfundishe asome swali lote, atafute jibu kichwani, ndipo atazame herufi. Asipolijua, aondoe kwanza majibu yasiyowezekana. Kati ya herufi A hadi E, anayebahatisha ana nafasi moja kwa tano. Akiondoa tatu kwa akili, ana moja kwa mbili. Mwishoni asiache swali wazi, kwani nafasi tupu haina alama.

Tumwombee, naam, lakini pia tumpunguzie binti ndoo za maji na kulea wadogo, apate muda wa kujizoeza. Usiku wa kuamkia mtihani alale mapema, na asubuhi anywe uji kabla ya kutoka.