Mavuno ya Kipupwe, Mabwepande hadi Chamazi

Masika yakishakatika, mwishoni mwa Mei, upepo wa kusi huanza kuvuma na joto la Dar es Salaam hupungua. Kwa wakazi wengi wa jiji huo ni wakati wa kuzima feni. Kwa familia zenye vishamba Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, au Chamazi, Mbande na Toangoma upande wa Temeke, kipupwe ni msimu wa kazi. Mahindi yaliyopandwa na mvua za Machi yamekaukia buani. Kunde zisipochumwa mapema zinapasuka zenyewe na kumwagika. Mabondeni panapolimwa mpunga, masuke yameinama na watoto wanatumwa kuamia ndege.

Usitarajie kukuta siku moja iitwayo siku ya mavuno. Mahindi mengi yalishaliwa mabichi, ya kuchoma na ya kuchemsha. Yaliyobaki yanapukuchuliwa barazani jioni na kila mwenye mikono, mgeni naye hakwepi. Mpunga unapurwa kwa fimbo juu ya turubai, unapetwa kwa ungo, kisha unapelekwa mashineni kukobolewa. Pumba zinarudi kwa kuku, mbolea ya kuku inakwenda kwenye matuta ya mchicha, na mchicha uko tayari baada ya wiki tatu au nne. Wachuuzi, wengi wao akina mama, hununua tuta zima, wakang'oa na kufunga mafungu wao wenyewe, wakatembeza beseni kichwani nyumba kwa nyumba.

Lakini zao linalobeba familia hizi ni muhogo. Ukishakomaa hauna haraka: unaweza kukaa ardhini miezi mingi usiharibike, ila ukishang'olewa huanza kuoza ndani ya siku mbili tatu. Kwa hiyo unaachwa chini mpaka haja izuke: ada ya shule, dawa, nauli ya kwenda msibani. Hapo huitwa mnunuzi mwenye guta au kirikuu, wakapatana bei ya mihogo ikiwa bado shambani, naye akang'oa kwa nguvu zake. Jioni muhogo huohuo unachomwa kando ya barabara Mbagala, unapasuliwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili.

Adui yake ni michirizi kahawia, ugonjwa wenye ukatili wa pekee, maana jani linaweza kuonekana zima huku mizizi ikiozea chini, na mkulima akajua siku ya kung'oa. Ndiyo maana wakulima wa Pwani wanaithamini mbegu ya Kiroba, inayouvumilia ugonjwa huo.

Mashamba haya hayakuotea jijini kwa bahati. Mwaka 1974, nchi ilipopungukiwa chakula, serikali ilitangaza kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na wafanyakazi wa mijini nao wakahimizwa kushika jembe. Katika ugumu wa miaka ya 1980 mishahara haikutosha, na kishamba cha pembezoni kiliokoa meza za wengi, karani na mwalimu wakiwemo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu kulima hadi ekari 3. Kisha upimaji ukaingia. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulifika Bunju, Boko na Toangoma, na mikorosho na minazi ikapisha misingi ya nyumba. Mwaka 2012 waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walihamishiwa Mabwepande. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao lazima walale mahali, na sidhani kuna wa kulaumiwa kwa kutafuta kiwanja.

Ninachokiona kuwa hatari ni hesabu inayofanywa barazani, maana mavuno ndiyo yanayowakutanisha ndugu wote, na hapohapo juu ya lundo la mahindi ndipo habari ya kuuza huanzia. Dalali ametaja mamilioni. Kijana anataka pikipiki, binti anataka mtaji, na mzee hana la kujibu kwa sababu kunde zake hazijawahi kuandikwa bei. Hakuna anayejumlisha kisamvu cha kila siku, nazi ambazo hazikununuliwa, madeni ambayo hayakukopwa. Fedha ya kiwanja huja mara moja. Muhogo hukatwa pingili ukapandwa tena.

Kama lazima kuuza, basi iuzwe nusu. Nazo manispaa, zinapochora ramani za mitaa mipya na kutenga eneo la shule, soko na makaburi, zitenge na la kulima, lipewe namba na mipaka kama viwanja vingine, ili dalali akija apewe jibu lililoandikwa.