Kompyuta Haina Intaneti, Virusi Vitaingilia Wapi?

Leo naongea na wenye steshenari, wanaoingiza muvi na nyimbo kwenye flashi, na yeyote ambaye kompyuta moja dukani ndiyo inamlipia kodi ya fremu. Mimi sikusomea kompyuta. Nimeishia fomu foo, haya mengine nimejifunzia kaunta.

Swali ninaloulizwa sana hapa Kyela ni hili: "Dogo, mashine yangu haina intaneti, antivairasi ya nini? Si inaifanya nzito tu?"

Jibu: unahitaji ulinzi, na wewe usiye na intaneti unaweza kuwa hatarini zaidi. Ila si lazima uununue.

Mlango wao ni flashi

Angalia siku moja ya kazi. Anakuja mwalimu wa Ipinda na mtihani, karani wa AMCOS na orodha ya wakulima wa kakao, mwanafunzi wa Matema na nyaraka za kuombea mkopo wa chuo, kijana wa Kasumulu anataka muvi. Wote flashi zao zinaingia tundu lilelile. Ya kwanza ikiwa na kirusi, kinahamia kwenye mashine, halafu mashine inawagawia wote wanaofuata. Na kwa kuwa hauko hewani, antivairasi yako haipati taarifa za virusi vipya. Mlinzi yupo getini, lakini picha za wezi alizonazo ni za mwaka juzi.

Kirusi tunachokutana nacho sana ni kile cha shotikati. Mteja anafungua flashi, anakuta folda zake zina kamshale kadogo pembeni na zina uzito wa KB 1 au 2. Anapiga kelele kwamba kazi yake imefutika. Mara nyingi haijafutika, imefichwa. Akibonyeza ile shotikati ndiyo anakiamsha kirusi.

Ukikutana nacho, USIFOMATI

Kwanza safisha mashine yako, la sivyo kitarudi. Kisha fungua Command Prompt, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Hapo kwenye G weka herufi ya flashi husika. Mafaili yakionekana, nakili ya mteja tu. Zile shotikati na faili usilolijua, futa.

Mambo matano ya kufanya wiki hii

1. Washa ulinzi ulionao. Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yake ya bure. Bonyeza Start, andika Windows Security, hakikisha imewashwa. Kwa duka dogo inatosha. Usiweke antivairasi mbili, zitagombana na mashine itakuwa nzito kweli.

2. Apdeti mara moja kwa wiki. Washa hotspoti ya simu ukiwa na bando la usiku, acha ipakue. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 duniani na kudai dola 300 kwa kila mashine. Tundu kilichopitia, Microsoft walikuwa wameliziba tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wameapdeti hawakuingiliwa kupitia tundu hilo. Na kama bado uko Windows 10, jua kwamba apdeti zake za kawaida za bure ziliishia tarehe 14 Oktoba 2025. Anza kupanga kuhamia 11 kama mashine inakubali.

3. Skani kabla ya kufungua. Flashi ikiingia, bonyeza kulia juu yake, chagua kuskani, ndipo uifungue. Mteja mwambie tu, "Subiri kidogo mama, nakagua flashi yako isiharibike." Watu wanapenda kuona unajali mali yao.

4. Ogopa programu za kukreki. Fundi akikupigia Windows au programu ya kudizaini na kusema "zima antivairasi kwanza", jiulize anaingiza nini mlinzi asikione. Akiondoka, angalia kama ulinzi umerudi.

5. Weka bakapu nje ya mashine. Nakili kazi zako na daftari la madeni kwenye hadidiski ya pembeni, kisha ICHOMOE. Ukiiacha imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo.

Kwa nini nasisitiza

Ndani ya kompyuta zetu mna vyeti vya watu, kopi za NIDA, picha za pasipoti. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo taarifa hizo si za kuchezea. Halafu fikiria mzazi aliyetoka Matema siku ya mwisho ya maombi ya mkopo, flashi inaingia nzima kwako na kutoka imejaa shotikati. Nauli imeenda, na mwaka wa mtoto unaweza kuondoka nayo. Huyo hatarudi dukani kwako, na kijiji kizima kitajua kwa nini.

Bei ya kuprinti ni ileile mtaa mzima. Tunachoshindania ni kuaminiwa.

Mtumie mwenye steshenari unayemfahamu. Kazi njema.