Nyumba ya Mnada: Nyundo Haiuzi Asichokuwa Nacho Mdaiwa

Mara kwa mara magazeti hutangaza nyumba zinazonadiwa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa. Mwenyewe alikopa benki, akaweka hati yake rehani, akashindwa kulipa, na sasa mdai anatafuta fedha zake. Bei huwa chini ya ile ya sokoni, na wengi huvutika. Lakini wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika mwambao wetu daftari la nyumba lina kurasa nyingi kuliko zile anazozisoma dalali.

Mnada wenyewe si jambo geni katika dini. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba mtu mmoja wa Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamwagiza alete vitu vya nyumbani kwake, nguo na chombo cha kunywea maji, akavinadi vikapata dirhamu mbili: moja ya chakula, na ya pili ya shoka la kukatia kuni. Kilichokatazwa ni najashi, yaani mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua. Kwa hiyo mnunuzi na akate shauri la kiwango chake akiwa nyumbani, si katikati ya kelele za wanaoshindana.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka hatua kabla ya nyundo kulia. Mdaiwa hupewa ilani ya miezi isiyopungua mitatu alipe deni, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya mauzo. Naye dalali, kwa kanuni za mwaka 1997, humpa siku 45 za kuikomboa mali yake, na mnada haufanywi kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Mnunuzi aliye mwaminifu hulindwa hata hatua hizo zikikosewa, na mdaiwa aliyedhulumiwa hudai fidia kwa mdai. Lakini ulinzi huo haumfai aliyeshiriki hila au aliyejua kasoro akanyamaza.

Na urahisi uliopita kiasi una hatari yake. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyopungua robo au zaidi chini ya thamani ya soko, sheria huchukulia kwamba mdai hakutafuta bei iliyo bora mpaka athibitishe vingine, na mdaiwa aweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Basi anayeshangilia kwamba ameokota, huenda ameokota kesi.

Hata hivyo, jambo kubwa kwetu ni hili: nyundo haiuzi asichokuwa nacho mdaiwa. Kwa hiyo kuna maswali matatu ya kuulizwa mapema.

Kwanza, ardhi ni ya nani? Mwambao una mila ya nyumba bila ardhi, kama vile minazi ilivyoweza kuwa ya mtu huyu na shamba likawa la yule. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi ni mwingine kabisa. Anayenunua nyumba ya namna hiyo hununua kuta na paa. Tena tangu sheria ya hati ya mwaka 1908, iliyowataka watu wapeleke madai yao ya ardhi, wengi hasa Wamijikenda hawakuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Ndiyo sababu hati yaweza kuwa ya mmoja na wakaao wakawa wengine, vizazi kwa vizazi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha pwani mjini Mombasa, iliamua kwamba hati iliyopatikana kinyume cha utaratibu haimlindi hata aliyeinunua baadaye. Kwa hiyo chimbuko la hati lichunguzwe, si karatasi ya mwisho tu.

Pili, warithi ni nani? Nyumba ya marehemu ambayo mirathi haijagawanywa ni ya warithi wote, akiwemo dada aliyeolewa mbali. Ikiwa ndugu mmoja aliiweka rehani kwa siri, mnunuzi atakutana na wengine mahakamani. Mali ya wakfu nayo haiuzwi wala haiwekwi rehani. Na ikiwa ni nyumba ya mke na mume, rehani yake haisimami bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo.

Tatu, ni nani aliye ndani? Mnada hautoi watu nyumbani. Mpangaji ana haki zake, na mdaiwa aweza kukataa kutoka mpaka mahakama iamue. Gharama na miezi hiyo ni sehemu ya bei, ingawa haikutangazwa.

Kwa nyumba za kifahari za Malindi na Watamu, lipo la nne. Tangu Katiba ya mwaka 2010, mgeni hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba usiozidi miaka 99. Aliyenunua nyumba ya mgeni na ahesabu miaka iliyobaki.

Matangazo mengi hutaka robo ya bei papo hapo na salio ndani ya siku 90, na anayeshindwa huweza kupoteza amana yake. Basi wakili na mpimaji watangulie, na deni la kodi za kaunti liulizwe.

Linabaki la moyoni. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inahimiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Mnunuzi siye aliyekopesha, lakini anayetolewa huenda ni jirani yake, na watasimama safu moja msikitini. Kumwendea kabla ya siku ya mnada, akauza mwenyewe kwa bei ya haki na benki ikalipwa kwa ridhaa yake, ni njia iliyo wazi kisheria. Nyumba iliyopatikana hivyo hulaliwa kwa usingizi.