Fremu Kuukuu, Breki Mpya

Akina mama wenzetu, mwenye binti anayesoma sekondari ya kutwa anaijua vizuri saa kumi na moja ya jioni. Ndiyo saa ya kutazama njia. Sisi tunakaa juu ya Kiboriloni, katika barabara ipandayo kwenda Kidia, Old Moshi. Asubuhi watoto hushuka wakikimbia na kucheka, na jioni huupanda mlima ule ule wakiwa na njaa na mkoba mzito mgongoni.

Binti yetu alipofika kidato cha pili tukaanza kusikia neno "lifti". Jirani alitunong'oneza kwamba amemwona amepanda nyuma ya bodaboda. Tulipomwuliza alijibu bila kuficha, "Mama, kaka yule amenisaidia tu. Hakunitoza hata senti."

Usiku ule hatukupata usingizi. Si kwamba vijana wote wa bodaboda ni wabaya, la hasha. Wengi wanatafuta riziki kwa haki, na baadhi yao ni watoto wetu wenyewe. Lakini sisi akina mama tunajua kwamba kuna msaada wa bure ambao hudaiwa baadaye, na binti wa shule hana cha kulipia.

Tulimkaripia, naye akalia. Kesho yake mlima ulikuwa pale pale. Karipio halifupishi njia. Ndipo baba watoto aliposema, "Mama, tumtafutie baiskeli."

Kwa nini tulichagua fremu kuukuu?

Wazo la kwanza lilikuwa kununua baiskeli mpya, zile nyeusi ngumu tulizozizoea tangu utoto. Ni imara kwa kubebea mkungu wa ndizi au debe la maziwa. Lakini nyingi zina uzito wa kilo 20 hivi, hazina gia, na binti yetu angeisukuma kila jioni badala ya kuipanda.

Fundi mmoja wa Kiboriloni akatushauri jambo lingine. Gulio letu limejulikana kwa mitumba kwa miaka mingi, na pamoja na nguo huja pia baiskeli zilizotumika ng'ambo. Miongoni mwake zimo fremu za baiskeli za mbio, zilizoundwa kwa mabomba membamba ya chuma. Ukiijenga vizuri, baiskeli nzima huweza kuwa na kilo 11 au 12 tu. Tena chuma ni kivumilivu. Alumini ikipasuka, mafundi wengi wa mitaani hawana vifaa vya kuiunga. Chuma hupinda kabla ya kukatika, na fundi wa gesi anaweza kukiunga kwa shaba. Ila asitumie moto mkali wa umeme, maana mabomba haya ni membamba na huungua.

Bibi yake binti aliposikia habari hii alishika kiuno. "Msichana apande baiskeli ya kiume, tena ya mashindano?" Maneno hayo yalisemwa hata Marekani zamani. Mwaka 1894 mama mmoja wa watoto watatu, aliyejiita Annie Londonderry, aliondoka Boston kuizunguka dunia akiwa na baiskeli, akarudi mwaka 1895. Alianza na baiskeli nzito ya kike. Haukupita muda akaiacha, akachukua ya kiume iliyo nyepesi. Tulimsimulia bibi habari hiyo. Hakujibu kitu, lakini hakukataza tena.

Uzi wa kushonea gulioni

Fremu ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa nzuri kwa macho. Ilikuwa nyekundu, yenye kibandiko cha namba 531, na muuzaji aliitaja namba hiyo kama mtu anayetaja dhahabu. Ni kweli kwamba 531 ni chuma cha sifa, kilichotolewa na kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, mwaka 1935. Lakini kibandiko hubandikwa popote. Fundi alipitisha kidole chini ya bomba la kati, karibu na shingo, akakuta rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa. Hiyo ni dalili kwamba fremu iligongwa kwa mbele.

Kisha akatuomba uzi. Kwa bahati tulikuwa nao kwenye pochi. Akaufunga mahali panapokaa ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, akauzungusha kwenye shingo ya fremu, akaurudisha hadi upande wa kulia. Halafu akapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, upande huu na upande ule. Nafasi zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana milimita moja au mbili, si neno. Ile nyekundu ilitofautiana karibu upana wa kidole. Tukaiacha.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, imechubuka, haina kibandiko chochote. Lakini uzi ulikubali. Tukaigonga kwa ufunguo mahali mbalimbali, nayo ikalia sawasawa. Tukamulika tochi ndani ya bomba la kiti tuone kama kutu imekula. Tukatazama nyufa kwenye maungio yote. Mwisho binti yetu akasimama juu yake, nyayo zote mbili chini, na kati yake na bomba la juu ikabaki nafasi ya vidole vitatu. Usinunue kubwa kwa kusema "atakua". Baiskeli si sweta la shule.

Kabla ya kutoa fedha tulimwomba muuzaji karatasi yenye jina lake, tarehe na namba ya fremu, ambayo aghalabu imechongwa chini, pale penye mhimili wa pedali. Asiyetaka kuandika karatasi, mwachie mali yake. Hatukutaka binti yetu apande machozi ya mtoto wa mwenzetu.

Sinia jikoni

Kwa majuma matatu jiko letu lilinuka mafuta ya taa. Baba watoto na binti walifungua kila kitu, wakaosha, wakapanga vipande kwenye sinia letu la kupembulia mchele, na nati ndogo zikaingia kwenye viberiti vitupu. Sisi tulidhani kazi yetu ni kupika chai tu, kumbe tukajifunza mambo.

Tulijifunza kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha nati nyingine. Baba watoto alivunja spana kwa kutojua hilo. Tulijifunza kwamba gololi za gurudumu la mbele ni ndogo kuliko za nyuma. Aghalabu za mbele ni kumi kila upande na za nyuma tisa. Zihesabu unapozitoa, kisha weka grisi safi na uzirudishe. Gololi mpya ni rahisi kuliko kitovu cha gurudumu kilicholika.

Cheni hupimwa kwa rula ya shule. Ukianza katikati ya pini moja na kuhesabu pini 24 mbele yake, urefu uwe inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imechakaa, na pengine imekwisha kuyala meno ya gia pia.

Kuhusu gia, hesabu yake ni ya darasani. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Sisi tulipata meno 42 mbele na 28 nyuma, yaani kila ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka mara moja na nusu. Ile nyeusi yenye meno 44 mbele na 18 nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu. Ndiyo sababu mlimani inakukatalia.

Gurudumu la nyuma tulilopata lilikuwa pana kuliko nafasi yake, milimita 130 kwa 126. Hapo tena uvumilivu wa chuma ulitusaidia. Fundi aliipanua fremu taratibu, milimita mbili kila upande. Jambo hilo usilifanye kwa fremu ya alumini.

Matairi yalitupotezea fedha. Tulinunua tairi lililoandikwa 28 kwa sababu tuliambiwa ringi yetu ni ya 28. Lilipofika nyumbani likalegea kama kofia ya babu. Kumbe kuna 28 za aina mbili. Ile ya baiskeli nyeusi ina namba ndogo 635 pembeni, na ya baiskeli ya mbio ina 622. Hizo ni milimita za kipenyo cha ringi, na ndizo za kusoma. Tairi lisilolingana huweza kuchomoka njiani.

Usukani wa pembe za kondoo tuliutoa, tukaweka ulionyooka ili binti akae wima na kuona mbele. Kinga ya cheni tuliikata kutoka dumu kuukuu ili sketi isinaswe, na ndani ya sketi huvaa kaptula. Hapo bibi akaridhika kabisa.

Kosa letu

Sasa tuseme ukweli ambao ndio uliotufanya tuandike makala haya. Fremu ilikula kama robo ya fedha zetu. Zilizobaki tulizitumia kwa furaha. Tulipiga rangi ya buluu, tukanunua kiti kipya na kengele nzuri. Tulipofika kwenye breki, mfuko ulikuwa mtupu. Ringi zilikuwa za chuma zinazong'aa, raba za breki zilikuwa zile zile kuukuu zilizokauka, na waya zilikuwa na kutu. Tukasema, zinashika, zitatosha kwa sasa.

Mwezi wa kiangazi zilitosha. Kisha ikaja masika. Asubuhi moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu alfajiri, naye akashuka kama kawaida. Kwenye kona ya pili breki zilikataa. Akaacha barabara, akapita kwenye migomba, akaangukia mferejini. Wanaume wawili waliokuwa wakienda shambani walimnyanyua. Alishonwa nyuzi tatu kidevuni.

Alipotuona hakulia. Alituonyesha viganja vyake, akasema, "Mama, nilizibana mpaka vidole vikauma. Haikusimama."

Tulitazama rangi ile ya buluu tukaona haya. Tulikuwa tumemtoa kwenye hatari moja tukamweka kwenye nyingine, na ya pili tulikuwa tumeijenga kwa mikono yetu, sebuleni petu. Sisi wa milimani huwaza habari ya kupanda kwa sababu kupanda kunachosha. Tulisahau kwamba mtoto huumia wakati wa kushuka.

Ringi ya chuma ikilowa inateleza kama sahani yenye sabuni. Ringi ya alumini hushikwa vizuri zaidi. Tuliuza mbuzi mmoja. Tukanunua ringi mbili za alumini, raba mpya nne, waya mpya pamoja na mipira yake, fundi akasuka spoku upya. Raba zikae katikati ya ringi, zisiguse tairi hata kidogo, maana zitalitoboa, wala zisining'inie chini zikaingia kwenye spoku. Ukibana kwa nguvu zote, mkono wa breki usifike kwenye usukani. Isukume baiskeli mbele huku umebana breki ya mbele. Gurudumu la nyuma likiinuka, breki inafanya kazi.

Binti naye tulimfundisha upya. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, basi abane zote mbili pamoja, taratibu, kabla ya kona na si ndani ya kona. Siku ya mvua aanze kubana mapema, ili raba zifute maji kwanza. Na pale penye mteremko mkali, mvua ikinyesha, ashuke atembee. Kuchelewa shule kunasameheka.

Leo

Binti yetu sasa yuko kidato cha tatu. Kovu la kidevuni limebaki, nasi tukiliona tunainamisha macho. Kila Jumamosi yeye mwenyewe huikagua baiskeli: breki, matairi, nati za magurudumu, cheni. Baba yake husimama pembeni bila kusema kitu, akimpa spana anapoiomba. Wakati mwingine wanaongea mambo ya shule ambayo zamani hakuyasema nyumbani.

Kuhusu lifti, hatukumwuliza tena. Siku moja alitusimulia mwenyewe kwamba kaka yule alisimamisha pikipiki karibu naye akamwambia, "Twende, dada." Akamjibu, "Asante, kaka, nina yangu," akabadili gia akapanda.

Mama mwenzetu, kama nawe una mtoto na mlima, usidharau fremu kuukuu. Ukienda gulioni chukua uzi, rula na tochi. Gawanya fedha zako kabla ya kuondoka nyumbani, na ile ya breki ifunge kwenye kona ya kanga, peke yake. Rangi itasubiri.