Kuhama Mji: Hesabu Haitimii Bila ya Mke



Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametujaalia nyumba kuwa mahali pa utulivu. Utulivu huo umekuwa adimu Mombasa. Kisiwa ni kile kile, watu wazidi, na kodi zapanda. Ndiyo maana familia nyingi zatazama ng'ambo ya Likoni, upande wa Kwale, au kaskazini hadi Mtwapa na Kilifi, ambako mna vyumba vipana na ua wa watoto kucheza.

Hatukatazi kuhama, twataka hesabu itimie. Tuchukulie kodi imepungua kwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Baba akitumia nauli ya shilingi 200 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa siku 26 ni shilingi 5,200. Zimebaki 800, na bado hatujataja nauli ya mwanafunzi wala maji ya kununua. Feri haimtozi mtembea kwa miguu, lakini humla wakati wake: hutoka baada ya Alfajiri, akarejea watoto wamelala.

Wengine huamua baba alale mjini siku za kazi. Hapo kodi huwa mbili na majiko mawili, na mama hubaki peke yake na mtoto mwenye homa usiku wa manane, madrasa mbali, majirani wageni.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kumewekewa sharti la wazazi kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa lina shura, sembuse nyumba? Mume asimpe mkewe habari ya kuhama siku ya kufunga mizigo.

Anayenunua kiwanja naye asiridhike na karatasi ya mauziano na mashahidi wawili. Aende ofisi ya ardhi ajue hati miliki ni ya nani. Na muuzaji akiwa mmoja wa warithi, aulize: mirathi imegawanywa? Wenziwe wameridhia? Katika kiwanja cha marehemu mna fungu la mjane na la yatima, na bei nafuu haihalalishi haki ya mtu.

Basi kabla ya kumuaga mwenye nyumba, mume na mke wakae na kalamu, kisha waswali Istikhara. Mola atujaalie makaazi yenye kheri na majirani wema. Amin.